Fundisheni Kizio Kabla ya Hesabu

Katika madarasa mengi somo la skeli hufundishwa kana kwamba ni hesabu ya kugawanya tu. Mtoto huambiwa kuwa sentimita 1 ni sawa na mita 5, hukokotoa, hupewa alama ya vema. Ufundishaji huo, kwa maoni yangu, huacha jambo lililo kubwa zaidi: kwamba kipimo ni mapatano baina ya watu.

Sisi tulio Tabora hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Misafara ya karne ya 19, iliyopita hapa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ilitumia nguo kama fedha. Mikono 4 ilikuwa shuka, mikono 8 doti. Lakini mkono wa nani? Mpokeaji angependa apime mtu mrefu, mtoaji apime mfupi. Wote wawili huweza kuhesabu sawasawa, na ugomvi ukabaki palepale.

Jambo hilo lingali hai katika ujenzi. Msanifu majengo huchora jengo kwa skeli ya 1:100 au 1:50, na urefu wa ukuta huuandika kwa milimita: 9000. Mhandisi achoraye kiwanja kizima, pamoja na barabara na mifereji, huweza kutumia 1:500, naye akaandika 9.000, yaani mita. Ukuta ni uleule. Fundi aliyepewa karatasi zote mbili zisizotaja kizio hana budi kukisia, na msingi wa zege haufutiki kwa kifutio. Tena, mchoro ukikuzwa kwa mashine ya kunakili, tarakimu 1:100 hubaki zikidanganya, ilhali mstari wa skeli hukua pamoja na jengo. Ndiyo sababu mafundi huonywa wasome vipimo vilivyoandikwa, wasipime karatasi kwa rula.

Basi, wanachuo mnaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, ligaweni darasa vikundi viwili. Kimoja kichore chumba cha darasa kwa 1:50. Cha pili kichore uwanja wote kwa 1:500, chumba hicho kikiwemo. Kwanza vipatane kona moja ya kuanzia. Kisha vibadilishane karatasi, na kila kikundi kitoke nje kuitafuta kona hiyo kwa mchoro wa wenzao. Chumba cha mita 9 kitakuwa sentimita 18 huku na milimita 18 kule. Hapo maswali yatazuka, msiyakatize. Tepu isipokuwepo, kamba yenye fundo kila mita yatosha, mradi vikundi vyote viwili vitumie kamba ileile.