Punda wa Jirani Akiugua



Wiki hii tumepokea barua kutoka mbali na mwambao. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa Kisii, anatuandikia habari za jirani yake, mjane mwenye watoto, ambaye riziki yake humtegemea punda mmoja. Punda huyo hubeba maji asubuhi, na siku za soko hubeba mikungu ya ndizi hadi Keroka, pale mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Ghafla punda akaanza kutembea kana kwamba miguu yake ni ya mbao. Masikio yamesimama, mkia umenyanyuka, mdomo haufunguki. Mjane analia. Baadhi ya jamaa wanamcheka kwa kulilia punda. Wengine wananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Dada anauliza: nimsaidie vipi jirani yangu, nami si daktari, wala sijui la kumwambia?

Tulimjibu dada siku ileile kwa simu, kwani ugonjwa haungoji gazeti: amwite daktari wa mifugo leo, si kesho. Daktari alifika, akakuta tundu la msumari chini ya ukwato, akasema ni pepopunda. Haya tunayaandika kwa ajili ya wengine, maana wenye wanyama ni wengi, na wenye majirani ni sote.

Kwanza tuliondoe hili la kicheko. Katika maneno yetu ya kila siku punda ni tusi, na tumezoea kusema kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini watu wa Lamu wanajua nyumba ngapi zimejengwa kwa mawe na mchanga uliobebwa na mnyama huyu. Sura An-Nahl imewataja farasi, baghala na punda pamoja, miongoni mwa neema alizoumbiwa mwanadamu. Kwa familia ya mlimani isiyo na bomba la maji wala pikipiki, punda mmoja ndiye mfereji, ndiye gari, na ndiye karo ya shule. Anayemwambia mwenye punda, "Si punda tu huyo," amemwambia kwamba chakula cha wanawe ni mzaha. Basi faraja ya kwanza ni kuacha kucheka, na kumsikiliza mwenye msiba akisema kilichomsibu.

Faraja ya pili ni kumsaidia kulijua jina la kweli la ugonjwa. Maradhi ya mishipa ya fahamu yanatisha kuliko maradhi mengine, kwa sababu yanambadilisha mnyama tunayemjua. Aliyekuwa mpole anauma, aliyekuwa na nguvu anapepesuka, aliyekuwa akila haji tena kwenye majani. Hofu hiyo ikikosa jina, kila mtu huipa jina lake.

Maradhi mawili ya namna hii yafaa kila mwenye punda, na kila jirani yake, ayatambue.

La kwanza ni hilo la pepopunda. Lugha yetu imeliunganisha jina lake na pepo na punda, lakini hapana pepo ndani yake. Kinachosababisha ni kijidudu kinachoishi udongoni na katika mavi ya wanyama. Huingia kupitia kidonda, hasa kidonda chembamba chenye kina: msumari katika ukwato, jeraha la matandiko, kidonda cha kuhasiwa, au kitovu cha mtoto wa punda. Humo ndani, pasipofika hewa, hutoa sumu inayosafiri hadi kwenye mishipa ya fahamu na kuikaza misuli. Dalili mara nyingi hujitokeza baada ya wiki moja hadi tatu, wakati ambapo kidonda pengine kimekwisha kupona na kusahauliwa. Mnyama husimama miguu ikiwa imetanuka, taya hubana, na akishtuliwa na sauti au mwanga mwili mzima hukakamaa, na utando mweupe hujitokeza pembeni mwa jicho. Mama zetu wanaijua sumu hii bila kujua kwamba wanaijua: ndiyo sababu ya ile sindano wanayochomwa kliniki wakiwa wajawazito. Pepopunda haiambukizi kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, hivyo mgonjwa huyu anaweza kuuguzwa bila hofu.

La pili ni kichaa cha mbwa, na hapa hadhari ni lazima. Punda, ng'ombe na mbuzi huupata kwa kung'atwa na mbwa mgonjwa au mnyama wa mwituni. Dalili zake si za namna moja. Mnyama anaweza kuwa mkali na kujiuma mwenyewe, au akapooza miguu ya nyuma. Sauti hubadilika, udenda humtoka, na kumeza humshinda. Akishaonyesha dalili hana tiba, na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi. Hatari kubwa imo katika huruma yetu wenyewe: mwenye mnyama humwona hamezi, akadhani amekabwa na kitu, akatia mkono mdomoni kumsaidia. Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo ni nyepesi kukumbuka. Mnyama asiyeweza kumeza, au aliyebadilika tabia, asitiwe mkono mdomoni na yeyote mpaka daktari amtazame. Watoto wawekwe mbali. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate penye mchubuko au machoni, mdomoni au puani, asafishe pahali hapo papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, na kidonda kioshwe kwa sabuni pia. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo, na asikatize sindano katikati. Asingoje kuona kama punda atakufa. Kwa binadamu pia, dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Lakini chanjo ikianzwa mapema huzuia. Serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa. Basi mbwa wa nyumbani aliyechanjwa ni ngao ya punda, na ngao ya mtoto pia.

Tukirudi kwa mgonjwa wa pepopunda, hapa ndipo jirani asiye daktari anapokuwa na kazi kubwa. Daktari husafisha kidonda, hutoa penisilini, hutoa dawa ya kuzima sumu ambayo bado haijashika mishipa, na dawa za kulegeza misuli. Lakini sumu iliyokwisha kushika haiondolewi na sindano yoyote. Ni mwili wenyewe unaojirekebisha, na hilo huchukua wiki kadhaa. Wiki hizo ndizo za jirani. Mgonjwa anataka banda lenye giza na ukimya. Pazia la magunia mlangoni, pamba masikioni, na nyasi kavu nyingi chini ili akianguka asiumie. Maji na chakula laini viwekwe kwa urefu wa kifua, kwa kuwa shingo haiinami. Asinyweshwe kwa chupa kwa nguvu, maji yasije yakaingia mapafuni. Watoto wacheze mbali na hapo, na wageni wasije kundi kwa kundi kumtazama.

Hizi ni kazi za mtu zaidi ya mmoja. Mjane huyu bado anatakiwa kuteka maji, kupika, na kutafuta shilingi ya dawa. Kumwambia "pole" ni wema, lakini kumchotea mitungi miwili ya maji ni wema unaobaki jikoni. Kikundi cha akina mama kinaweza kugawana zamu: mmoja usiku wa leo, mwingine kesho. Mmoja anaweza kusimamia mazungumzo na daktari na kuyaandika aliyoagiza, maana mtu mwenye majonzi husikia nusu. Na asiwepo wa kumwahidi kwamba punda atapona hakika. Wapo wanaopona, na wengi hawaponi, hasa waliokwisha kulala chini wakashindwa kuinuka. Neno la kweli lililosemwa kwa upole halivunji moyo kama ahadi iliyotanguka. Na ikifika pahali ambapo daktari anasema mateso yamezidi na matumaini hayapo, mwenye mnyama asiachwe aamue peke yake. Akae na daktari, awaulize na mashekhe wake, na awe na mtu wa kumshika mkono.

Tunapoandika haya, punda wa mjane yungali amesimama bandani, na maji anayanywa kidogo kidogo. Mwisho wake anaujua Mwenyezi Mungu.

Sasa lile la mnong'ono, ambalo ndilo lililotufanya tuseme kwamba swali la dada ni zito. Neno omorogi, yaani mchawi, si neno la masihara katika nchi ya Wagusii. Mwezi Mei mwaka 2008, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto huko Kisii wakituhumiwa uchawi. Mwezi Oktoba mwaka 2021, wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo eneo la Marani, katika kaunti hiyohiyo. Hao walikuwa mama na bibi za watu, ambao Wagusii wenyewe humwita kila mmoja wao kwa heshima omong'ina. Nasi wa Pwani tusinyooshe kidole, kwani Kilifi nayo imezika wazee wengi walioondolewa duniani kwa tuhuma hiyohiyo, aghalabu nyuma yake pakiwa na shamba la kurithiwa.

Mambo kama hayo hayaanzi na kiberiti. Huanza na msiba usio na maelezo: mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, punda ametetemeka na kukakamaa usiku. Mtu mmoja husema, "Hili si la bure." Mwingine hukumbuka kwamba bikizee fulani alipita njiani juzi. Hapo ndipo mfariji wa kweli hutakiwa aseme, tena kwa sauti ya kusikika: huu ni msumari, huu ni udongo, daktari ameuona mwenyewe. Mkimwonyesha kila anayekuja tundu lile chini ya ukwato, mmemlinda ajuza ambaye pengine hata hajui kwamba jina lake limetajwa. Kunyamaza kwa adabu mbele ya uzushi wa namna hiyo si adabu.

Kuna na mgeni mwingine ambaye hukawii kumwona penye mnyama mgonjwa, naye ni dalali. Tangu mwaka 2016 vilipofunguliwa vichinjio vya punda nchini, ngozi yake ikisafirishwa China kutengenezewa dawa, punda wa Kenya wamepungua sana. Sensa ya 2009 ilihesabu karibu milioni 1.8, ile ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Serikali iliamuru vichinjio vifungwe Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Hata hivyo, mwenye shida anaweza kufikiwa na mtu mwenye noti mkononi. Mwanamke Mwislamu anajua kwamba nyama ya punda wa kufugwa si halali kwake. Lakini hata asiye Mwislamu asiuze mzoga wa mnyama aliyekufa kwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Kama ulikuwa ni kichaa cha mbwa, anayemchuna anajitia hatarini. Ofisi ya mifugo ya kaunti ijulishwe, na mnyama azikwe kwa kina bila kuchunwa.

Akifa, msiondoke siku ya maziko yake. Siku ngumu ni siku ya soko inayofuata, mikungu ikiwa imekatwa na mgongo wa kuibeba haupo. Hapo ndipo chama cha akina mama kinapopimwa. Pengine zamu ya mzunguko isogezwe mbele apewe yeye. Pengine jirani mwenye punda ambebee mzigo mara moja kwa wiki hadi ajikwamue. Na akitaka kumtaja mnyama wake, jinsi alivyokuwa akiijua njia ya kurudi nyumbani peke yake, mwacheni amtaje.

Wenye punda walio wazima nao wana la kufanya leo. Kwato zikaguliwe kila jioni, misumari iokotwe uani, vidonda vya matandiko vioshwe kabla havijawa vya kina, na daktari aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Hata aliyepona achanjwe, kwani kuugua pepopunda hakumpi mnyama kinga. Kwa watu wa Lamu kipo kituo cha kutibu punda kilichofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza. Kwingineko, pamoja na Kisii na Nyamira, huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na mwananchi ana haki ya kubisha hodi katika ofisi hizo.

Dada yetu, uliuliza umwambie nini jirani yako. Mwambie jina la ugonjwa, kisha mwulize zamu yako ni usiku gani. Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe mjane huyo subira na badali iliyo bora, na atujaalie sote kuwa majirani wanaofaa kuitwa usiku. Amin.