Fedha Isiyo na Mhuri

Kila chombo cheupe king'aacho katika maduka ya vitu vya kale Unguja kimekwisha kupewa nasaba. Birika ni la Sultani, sinia ni la Sultani, hata kijiko cha chumvi nacho ni cha Sultani. Mnunuzi akisita, chombo hupinduliwa akaoneshwa herufi nne zilizogongwa kitakoni, kila moja ndani ya ngao yake: E, P, N na S. Jicho lisilozoea huona hapo heshima ya kifalme. Kumbe herufi hizo ni ungamo la mtengenezaji mwenyewe! Zinasema kwamba mwili wa chombo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na fedha ni utando tu uliovishwa kwa umeme, kwa njia ambayo akina Elkington wa Birmingham waliipatia hataza mwaka 1840.

Upotofu huu una vichekesho vyake. Lipo bakuli la Kiingereza lenye miguu minne na kifuniko cha duara kinachozunguka kikajificha chini ya tumbo la chombo. Ndani mna nafasi ya maji ya moto, na juu yake sahani yenye matundu. Muuzaji huliita bakuli la biriani la kasri. Lakini ni mpishi gani aliyepakua biriani juu ya matundu? Matundu yale yaliwekwa ili mafuta yachuruzike, na mafuta yenyewe, Mungu apishe mbali, aghalabu yalikuwa ya nyama ya nguruwe ya kifunguakinywa. Kingine ni kile chenye umbo la kombe la bahari lililokaa juu ya mwamba, kinachouzwa kwa jina la chetezo. Hakina tundu hata moja la kupitishia hewa, wala masizi hayajapata kukigusa. Kilitiwa maji ya moto ili kupasha vijiko vya mchuzi katika nyumba za baridi za Uingereza. Visiwani humu nani aliyewahi kulalamika kwamba kijiko chake kina baridi?

Hayo ni ya kucheka. Dhuluma iko upande wa pili, kwa chombo ambacho hakikugongwa chochote. Hapo wajuzi wa vitabu vya mihuri hutoa hukumu upesi: hakuna simba, hakuna fedha. Ni kweli kwamba simba atembeaye ni alama ya Kiingereza ya fedha yenye sehemu 925 katika 1,000, na kwamba nanga humaanisha Birmingham na kichwa cha chui London. Lakini hiyo ni sheria ya Waingereza kwa masonara wao. Sonara wa pwani hakuwa na ofisi ya kumgongea simba. Alikuwa na reale ya Maria Theresa, ile iliyoendelea kuandikwa mwaka 1780 hata ilipopigwa karne nzima baadaye, nayo ilikuwa na fedha sehemu 833 tu. Mrashi uliotokana na reale zilizoyeyushwa utashindwa mtihani wa 925 daima, na haidhuru, kwa kuwa haukuahidi kamwe kuufaulu. Hata hivyo ndio unaoitwa fedha chafu, ukawekwa mizanini, ukalipwa kwa gramu na kurudishwa motoni, huku bati la Birmingham likipangwa kabatini.

Chombo husomwa chote. Hutazamwa kingo na pembe: uwekundu ukichungulia, huenda ni shaba iliyobanwa na bamba la fedha, ufundi wa Sheffield uliobuniwa na Thomas Boulsover yapata 1743, nao una thamani yake. Hutazamwa maungio, alama za nyundo upande wa ndani, na viraka vya kulehemu, maana watu hawakarabati wasichokithamini. Kisha huulizwa jina. Mwenye nyumba akisema tasa, sinia au mrashi, amekwisha kusema chombo kilishikwa vipi na kilimhudumia nani, jambo ambalo hakuna mhuri unaoweza kulisema. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipozikumbuka taa za majumba ya Pate yaliyoangamia, hakuona haya kutaja kwamba nyingine zilikuwa za sufuri. Hakuigeuza kuwa dhahabu ili msiba upate kung'aa zaidi. Wauzaji wa leo, na wapenzi wa mashairi wanaonunua kwao, hawana uaminifu huo.

Wala haifai kuisubiri serikali au makumbusho. Yatakiwa daftari, picha, mizani ya jikoni na alasiri moja ya kukaa na bibi wa nyumba, akitaja chombo kimoja kimoja kwa jina lake, kabla wajukuu hawajakipeleka kwa sonara.