Mashine Ikaguliwe Kabla ya Kubadilishwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia kwa kawaida mfumo wake wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali kila mashine. Unadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi zimebaki na mashine nzima zisizo na mlinzi.

Njia moja ya kuziokoa mashine hizo ni kuziwekea mfumo huria wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Mfumo huo hupatikana bila ada ya leseni, na maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Sisi twaiunga mkono njia hiyo. Lakini twasema wazi kwamba amri ya kufuta mfumo wa zamani isitolewe kabla mashine yenyewe haijakaguliwa.

Askari hahitaji maelezo marefu katika jambo hili. Risasi inaweza kuwa njema na bunduki ikawa njema, lakini kama kipimo cha risasi si kipimo cha mtutu, vyote viwili havifai kitu. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kila kifaa kilichomo huzisikia amri za mfumo kupitia programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Ikiwa mtengenezaji hakutoa draiva ya Linux, wala hakutoa maelezo ya kuwawezesha wengine kuiandika, kifaa kizima kitakaa kimya.

Vifaa vinavyosumbua vyajulikana. Baadhi ya kadi za wayfai, hasa za Broadcom, huhitaji programu ambazo si huria. Na kabla ya Debian 12 kutolewa Juni 2023, diski rasmi ya kusakinisha Debian haikuwa na programu za namna hiyo. Kadi za picha za NVIDIA mara nyingi hutaka draiva ya pekee. Zipo printa zisizotambuliwa, na visoma alama za vidole vingi havimo katika orodha ya vile vinavyokubaliwa. Umri nao una sheria yake: Debian 13 ya Agosti 2025 haisakinishwi tena katika kompyuta za biti 32.

Hasara ya kupuuza haya haimwangukii fundi peke yake. Fikirini kituo cha polisi ambamo mfumo wa zamani umekwisha kufutwa, mtuhumiwa angojewa mahakamani, na printa haitoi karatasi ya maelezo yake. Au bohari ya kikosi ambayo programu ya leja yake ilitengenezwa kwa Windows tu, na sasa haifunguki. Mashine haikuharibika, lakini kazi imesimama, na mwananchi aliyekuja kutafuta haki arudi nyumbani mikono mitupu.

Upo mfano wa kufuatwa. Jandarma ya Ufaransa, ambayo ni jeshi lifanyalo kazi ya polisi, haikuruka kwa siku moja. Mwaka 2005 ilianza kutumia OpenOffice, na mwaka 2006 ikaongeza Firefox na Thunderbird, zote zikiwa juu ya Windows ile ile waliyoizoea. Mwaka 2008 ndipo ilipoanza kuhamia Ubuntu. Kufikia mwaka 2024 mashine zake zilizokuwa na mfumo huo zilipita 100,000. Waliohamisha mashine nyingi kiasi hicho walikwenda hatua kwa hatua. Kituo chenye mashine tano hakina sababu ya kukimbia.

Kukagua kwenyewe si kazi ngumu. Kwanza, kwa idhini ya ofisa mhusika, iandikwe orodha ya kila mashine na vifaa vyake. Jina la nje lisiaminiwe peke yake, kwa maana kompyuta mbili za jina moja zaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Pili, orodha hiyo ilinganishwe na orodha ya mashine zilizothibitishwa kwa Ubuntu. Tatu, mfumo upakuliwe kutoka kwa watoaji wake wenyewe, uhakikiwe kuwa haukuguswa njiani, kisha uwekwe katika flashi na kuwashwa kutoka humo. Kwa njia hiyo diski ya mashine haibadilishwi maadamu hakuna aliyebonyeza amri ya kusakinisha. Hapo yajaribiwe yote: mtandao, sauti, kamera, skrini, kisoma vidole, printa ichapishe ukurasa mmoja, mashine ilazwe na kuamshwa. Nne, majalada yote yanakiliwe mahali pengine, na ufunguo wa diski iliyofungwa kwa siri uhifadhiwe. Baada ya hayo ibadilishwe mashine moja tu ya kila aina, itumike katika kazi halisi, ndipo nyingine zifuate.

Wapo wasemao kwamba ukaguzi huu wapoteza muda. Twawauliza: ni ofisa gani apelekaye gari safari ya mbali bila kutazama mafuta, maji na magurudumu? Saa moja ya kujaribu printa ni nafuu kuliko wiki nzima ya kituo kisichoweza kuchapisha.

Anayetoa amri ya kubadilisha mfumo na adai kwanza karatasi ya ukaguzi yenye sahihi ya aliyekagua. Karatasi hiyo isipokuwapo, mfumo wa zamani usifutwe.