Maji Hupotelea Kwenye Kiungio

Ndugu Mhariri,

Nina neno la kuwaambia wanafunzi wenzangu, waalimu wetu na wazazi, nalo lahusu kitu kidogo kisichozidi ngumi ya mtu: kiungio cha kubana, kile cha plastiki chenye nati kubwa huku na huku, kinachounganisha mabomba meusi ya maji. Kila mmoja wetu amekiona, lakini wachache tumekifikiri.

Kwanza sina budi kuungama. Muhula uliopita bomba la bweni letu lilivuja. Kwa desturi yetu, tulilifunga ukanda wa mpira wa baiskeli, tukaenda zetu. Likaendelea kuvuja. Siku moja niliweka kopo la lita 1 chini yake, likajaa kwa dakika 3. Nilipiga hesabu, nikapata lita 480 kwa siku, yaani ndoo kubwa 24. Nikashtuka, nikasema nitalitengeneza mwenyewe. Nilikata bomba kwa panga, nikaliingiza katika kiungio kipya, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Mchana kutwa halikutoka hata tone. Nikajiona fundi.

Usiku bomba lilichomoka. Maji ya zamu yetu, ambayo hufika usiku, yalimwagika yote mchangani. Kwa siku mbili wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walibeba ndoo kutoka mbali, na baadhi yao walichelewa jaribio la Hisabati. Bweni zima liliwalaumu watu wa maji. Mimi nilijua kosa ni langu, nikanyamaza. Nimekwisha kumwambia mwalimu wa bweni, na leo nawaomba radhi wadogo zangu hao mbele ya wasomaji wote.

Baadaye fundi mmoja mzee alinifungulia kiungio kile na kunionyesha kilichomo. Ndani mna pete ya mpira, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasipite. Mna pia pete ngumu yenye meno, iliyopasuliwa upande mmoja. Nati ikikazwa, pete hiyo husukumwa mahali penye wembamba, ikajibana, na meno yake yakauma bomba lisichomoke. Basi mpira huzuia maji, meno hushika bomba, na nati huyafanya meno yaume. Nguvu za mkono peke yake hazifanyi kazi hata moja kati ya hizo.

Makosa yangu yalikuwa manne. Nilikata bomba mshazari, kumbe hukatwa sawasawa. Sikulainisha ukingo wake, nao ukaukwaruza mpira. Sikupangusa mchanga, na chembe moja ya mchanga chini ya mpira hufungua njia ya maji. Tena sikulisukuma mpaka mwisho: lilipogota kwenye mpira nilidhani limefika. Fundi hupima kwanza kina cha kiungio, huweka alama juu ya bomba, ndipo husukuma mpaka alama ile ifike.

Mbona lilingoja usiku? Somo letu la Fizikia lina jibu. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta msukumo unaokaribia kilo 1 kwa kila sentimita 1 ya mraba. Mchana koki nyingi zimefunguliwa na msukumo hupungua. Usiku watu wamelala, msukumo hupanda. Tena bomba letu lilikuwa juu ya ardhi, juani. Plastiki hiyo hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi: bomba la mita 10, likipoa kwa digrii 20, laweza kufupika sentimita 3 au zaidi. Nasi wa Dodoma twajua jua la mchana wetu na baridi ya usiku wa mwezi wa Juni. Bomba lililofukiwa halipati taabu hiyo.

Mtu atauliza, je, tone la maji ni jambo la kuandikia gazeti? Nasema ndiyo, na hasa katika nchi hii yetu ya katikati. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, toka Desemba hadi Aprili hivi, na miezi mingine yote mito yetu ni mchanga mtupu. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Maji hayo huvutwa kwa pampu na umeme, husafiri kilometa nyingi, kisha hulipiwa. Na watu wanaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 na zaidi mjini, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Kuyavuta maji kutoka chini kote huko, kisha kuyamwaga hatua kumi kabla ya ndoo, ni ujinga na hasara. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Sisi tumekuja kusoma. Hiyo ni kazi ya fundi." Nampinga. Elimu isiyoweza kueleza kwa nini bomba la bwenini limechomoka ni elimu ya kujibia mtihani tu. Tena kazi hii si ndogo. Viwandani, mabomba membamba ya shaba na chuma yapitishayo mafuta, hewa na gesi huungwa kwa njia iyo hiyo, ila pete yake ni ya madini. Hata waya wa umeme uingiao katika mashine hubanwa kwa nati na mpira, usivutike wala kuingiza maji. Anayekielewa kiungio cha bwenini amepata mlango wa kuingilia ufundi mkubwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Waalimu wetu watuonyeshe kiungio kilichofunguliwa katika somo la msukumo, na kila mwanafunzi akifunge kwa mkono wake mwenyewe. Viranja wa mabweni wapewe daftari la kuandika kila mahali panapovuja, na siku pameonekana. Na wazazi nyumbani waache mpira wa baiskeli. Bei ya kiungio kimoja kizuri si kitu mbele ya hasara ya mwezi mzima. Lakini tukumbuke mpaka wetu: bomba lililo kabla ya mita ni mali ya mamlaka ya maji, nalo tusiliguse, bali tutoe taarifa upesi. Baada ya mita, mzigo ni wetu.

Bomba la bweni sasa limefukiwa, na kiungio chake nimekifunga tena, mara hii fundi akinitazama. Kila asubuhi kabla ya gwaride hupita kukitazama. Mchanga wake ungali mkavu.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne