Fundi wa jua kali apimwe, asifukuzwe

PIKIPIKI ya kuundwa kwa mkono, maarufu kama chopa, ilipata umbo lake Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafundi walipokata fremu na kurefusha miguu ya gurudumu la mbele. Chopa zilizotia fora katika filamu ya Easy Rider, 1969, zilitokana na kazi ya Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi ambao filamu hiyo haikuwataja.

Kwetu, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, bodaboda zilienea hata mashinani. Katika wadi kama Burat, Isiolo, ubunifu wa mchomeleaji si urembo, bali riziki: keria hurefushwa na vyuma vya kukinga miguu huongezwa.

Hata hivyo, kila badiliko lina gharama. Miguu ya mbele ikirefushwa, usukani huwa mzito pikipiki inapokwenda polepole. Keria ndefu ikijazwa mzigo, gurudumu la mbele huwa jepesi, na mchangani dereva hupoteza mwelekeo. Anayeumia ni abiria.

Je, dawa ni misako? La hasha. NITA hutahini mafundi, nayo NTSA hukagua magari. Huduma hizo zisogezwe hadi Isiolo mashinani, fundi apate cheti na kazi yake ikaguliwe kabla ya kubeba watu. Mcheza kwao hutuzwa. Lakini kwanza sharti ajulikane.