Vikaragosi Vina Wenyewe

Tarehe 10 Novemba, 2025, siku ambayo kipindi cha televisheni cha Sesame Street kilitimiza miaka 56 tangu kionyeshwe kwa mara ya kwanza huko Marekani, sehemu mpya za kipindi hicho zilianza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix. Kipindi chenyewe ni cha watoto ambao hawajaanza shule. Wachezaji wake mashuhuri ni vikaragosi, yaani wanasesere wa kitambaa na manyoya wanaochezeshwa kwa mkono wa mtu aliyejificha. (Neno kibaraka halifai hapa, hilo lina kazi yake katika siasa.) Lakini kila zinapotoka sehemu mpya, wanaokaa kuzipima na kuzibishania dakika kwa dakika si watoto. Ni watu wazima wenye kazi zao na mvi zao, wanaotaka kujua kama kisa kimoja cha dakika 11 kinatosha, na kama Elmo, yule kikaragosi mwekundu, hajapewa nafasi kubwa kupita wenzake.

Wako wanaowacheka watu hao. Mtu mzima, wanasema, ana kodi ya nyumba na karo ya watoto ya kumkosesha usingizi; kikaragosi kinamhusu nini? Kicheko hicho ni chepesi mno, na kinatokana na kutojua jinsi kipindi hiki kilivyoundwa.

Wazo lilizaliwa mwaka 1966, wakati Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett walipoanza kujiuliza kama televisheni, iliyokuwa ikiwafundisha watoto nyimbo za matangazo ya biashara bila taabu yoyote, ingeweza pia kuwafundisha herufi na hesabu. Waliokusudiwa hasa ni watoto wa maskini, ambao walifika shuleni wakiwa wameachwa nyuma na wenzao kabla ya somo la kwanza. Shirika la kuifanya kazi hiyo liliundwa mwaka 1968, kwa fedha zipatazo dola milioni 8 zilizotoka kwa serikali ya Marekani na kwa mifuko ya hisani ya Carnegie na Ford. Jim Henson akaleta vikaragosi vyake. Na tangu mwanzo watungaji walitia ndani ya kipindi mizaha ambayo mtoto wa miaka minne hawezi kuielewa, wakawaalika waimbaji na waigizaji mashuhuri ambao mtoto huyo hawajui. Walifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa ilijulikana kwamba mtoto hujifunza zaidi anapotazama pamoja na mtu mzima. Kwa hiyo mtu mzima aliyekizoea kipindi hiki hakudoea karamu ya watoto. Alialikwa.

Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini ataliona jambo hili mara moja. Herufi K inayocheza katika kioo cha televisheni ni mchezo tu, mpaka mtu amwulize mtoto, ‘Iko wapi K nyingine humu ndani?’ na mtoto ainuke akaione juu ya pakiti ya kiberiti. Kioo hakiwezi kuuliza swali hilo na kungoja jibu. Hata Tanzania, ambako ndugu wa kipindi hiki aitwaye Kilimani Sesame aliwafikia watoto kwa Kiswahili kwa njia ya televisheni, redio na vitabu, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto waliokipata zaidi walipiga hatua katika kusoma na kuhesabu, na katika kuijua malaria na UKIMWI. Redio na kitabu havijifungui vyenyewe mbele ya mtoto mdogo. Yuko mtu aliyevifungua.

Tena historia inaonyesha kwamba watu wazima walipolinyamazia jambo, mtoto alipoteza, waliposema, alipata. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura kutokionyesha kipindi hiki kwa sababu weusi na weupe walionekana wakiishi mtaa mmoja kwa amani. Watoto wa Mississippi hawakuandika barua kwa magazeti. Walioandika na kupiga kelele ni wakubwa, na baada ya wiki chache tume ililazimika kuufuta uamuzi wake. Mwaka 1983, baada ya mchezaji Will Lee, aliyekuwa Bwana Hooper mwenye duka, kufariki dunia, watungaji hawakudanganya kwamba mzee amehamia mji mwingine. Walimweleza Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano, kwamba Bwana Hooper amekufa na harudi. Sehemu hiyo ilionyeshwa tarehe 24 Novemba, siku ya sikukuu, ili wazazi wawepo nyumbani kuyapokea maswali.

La mwaka 1985 linastahili kukumbukwa zaidi. Kwa muda wa miaka 14 Big Bird alikuwa na rafiki aitwaye Snuffleupagus, mnyama mkubwa mwenye manyoya ya kahawia, ambaye watu wazima wa mtaa ule hawakuwahi kumwona wala kuamini kwamba yupo. Ulikuwa mzaha mzuri. Lakini miaka ile habari za watoto kuonewa na kuchafuliwa na wakubwa zilikuwa zimeanza kusemwa hadharani, na watungaji wakaingiwa na wasiwasi: mtoto anayemtazama Big Bird akisema kweli kila siku bila kusadikiwa anajifunza nini? Mzaha ukavunjwa. Watu wazima wa mtaa wakamwona Snuffleupagus kwa macho yao, wakamwomba Big Bird radhi.

Halafu ikaja mwaka 2015. Mauzo ya kanda na sahani za kipindi yalikuwa yameanguka, na shirika likaingia mkataba na HBO, kituo ambacho mtazamaji hukilipia kila mwezi. Kuanzia Januari 2016 sehemu mpya zilionyeshwa huko kwanza, na PBS, televisheni ya umma isiyotozwa ada, ikangojea miezi 9. Shirika lilikuwa na hoja, na ni haki kuitaja: kwa fedha za HBO liliweza kutengeneza sehemu 35 kwa mwaka badala ya 18. Lakini miezi 9 kwa mtoto wa miaka mitatu ni robo ya umri wake. Kipindi kilichoundwa ili mtoto wa maskini asitangulie kuachwa kikamweka mtoto huyohuyo mwisho wa mstari. Nani alilisema jambo hili? Mtoto hajui mkataba ni nini. Walilisema wale wale wanaochekwa kwa kuvijua vikaragosi kwa majina.

Hata hivyo si kila kelele ya mashabiki ni ya kumtetea mtoto. Nyingine ni kilio cha mtu mzima anayetaka arudishiwe utoto wake. Mwaka 2006 sehemu za zamani zilipotolewa katika sahani za kununua, shirika liliambatanisha onyo kwamba hizo ni kwa ajili ya wakubwa, na huenda zisimfae mtoto wa leo. Wengi walikasirika. Lakini katika sehemu ya kwanza kabisa ya mwaka 1969, msichana mdogo mgeni anashikwa mkono na mwanamume ambaye ndiyo kwanza wakutane, anatembezwa mtaani, na kukaribishwa nyumbani kwake apewe maziwa na biskuti. Ni sehemu yenye upole mwingi. Mzazi gani leo angetaka mwanawe aige? Aliyeitazama akiwa na miaka mitano ana haki ya kuipenda mpaka kaburini, ila mapenzi hayo hayamfanyi hakimu wa mahitaji ya mtoto aliyezaliwa juzi. Vivyo hivyo kipindi kilipopunguzwa kutoka saa nzima hadi nusu saa: la kuuliza lilikuwa kama mtoto anaweza kutulia saa nzima, si kama baba yake aliweza zamani.

Mapenzi yenyewe hayana haja ya kufichwa. Januari 2024 Elmo aliwauliza watu kwenye mtandao wa kijamii habari zao, akajibiwa na maelfu ya watu wazima waliomweleza kufukuzwa kazi, misiba na upweke. Mtu mwenye moyo hawezi kuwacheka. Anaweza kushangaa tu kwamba hapakuwa na mwingine aliyewauliza.

Nguvu hiyo yote ina mahali pa kwenda. Mkataba wa Netflix uliotangazwa Mei 2025 unairuhusu PBS kuonyesha sehemu mpya siku ileile, na hilo ni jema sana kuliko kungoja miezi 9. Lakini Julai ya mwaka huohuo Bunge la Marekani liliziondoa dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengwa kwa miaka miwili kwa ajili ya Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB, na tarehe 1 Agosti shirika hilo likatangaza kwamba linafunga kazi zake. Sehemu kubwa ya fedha zake zilikwenda kwa vituo vya mikoani, na vilivyozitegemea zaidi ni vile vidogo vya mashambani. Ruhusa ya kuonyesha siku ileile haina maana kwa kituo kilichozimwa. Shabiki anayeandika kurasa tatu kulalamika kwamba Cookie Monster amebadilishiwa vitafunio bado hajaulizwa kama anajua kituo cha wilaya yake sasa kinaishi kwa fedha za nani.