Sheria ya Wanyama Isiguswe

Wasee, tuongee ukweli. Kuna watu wanasema ati sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 ni kali mno, ilegezwe. Mimi napinga.

Chuo niliacha, kwa hivyo sitajifanya daktari wa wanyama. Lakini hesabu najua. Mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini hawakufika hata 400. Faini za zamani zilikuwa za kulipika: jangili analipa, anarudi porini. Ndiyo maana sheria ya 2013 ikaweka faini isiyopungua milioni 20 ama kifungo cha maisha. Leo, kwa jasho la walinzi na sheria iliyo nyuma yao, vifaru weusi wamepita 900.

Najua utaniuliza: na ndovu aliyemaliza mahindi ya shosho? Hiyo ni haki yako kuuliza. Inauma, na fidia hukawia sana. Basi tudai fidia ilipwe! Kulegeza sheria hakumpi shosho hata shilingi moja. Anayefaidika ni jangili.

Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta mwaka wa 2018. Wamebaki Najin na Fatu, mama na binti yake. Bunge halina mswada wa kufufua dume.

Kwa hivyo wakiitisha maoni ya wananchi, usinyamaze. Andika, hata kama ni mistari miwili tu.